Ridhaa ya Kiema

Kila asubuhi baada ya chai, Kavindu alipanga glasi tatu juu ya meza, akatia divai kidogo katika kila moja, kisha akamwita mumewe aje kazini.

Neno "kazini" alilichagua kwa makusudi. Akiitwa kula, Kiema alisema ameshiba. Akiitwa kuoga, alisema ameoga. Akiambiwa kuna kazi, aliinuka mara moja, akanawa mikono bila sabuni ili harufu isimharibie pua, akaketi wima. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Kwa karibu nusu ya umri huo alikuwa mwonjaji wa kampuni yao, na hakuna pipa lililofunguliwa kabla yeye hajasema lifunguliwe.

"Mimi ni mtu wa benki," Kavindu alisema. "Nimekuja kukuuliza maswali. Hii ni nini?"

Kiema alinusa, akaonja, akatema kwenye bakuli.

"Mwala. Shamba la baba. Mvua ilichelewa."

"Ni la nani sasa?"

"Langu na la mke wangu Kavindu. Majina yote mawili yako kwenye hati."

"Na hii?"

"Naivasha. Walimwagilia mizabibu maji mengi mno."

Glasi ya tatu alikaa nayo. Aliizungusha, akafumba macho, akaionja tena ingawa mwonjaji hahitaji kuonja mara mbili.

"Timau," alisema. "Hii ni ile mizabibu yangu, kwa Mbugua."

"Benki inataka nini kwako?"

"Tuweke Mwala rehani, tununue Timau."

"Na msipolipa?"

"Mwala inauzwa."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Mimi? Nani ataniweza?"

Jibu hilo la mwisho hakufundishwa. Lilikuwa lake, na Kavindu aliliacha lilivyo kwa sababu lilisikika kama jibu la mtu mwenye akili zake.

Bila glasi hakuna kilichotoka. Kavindu alilijaribu hilo kwa njia kadhaa, maana hakuwa mtu wa kutegemea bahati. Siku moja alimwuliza wana mashamba mangapi, na Kiema akatazama nje ya dirisha, kwenye magorofa mapya ya Kilimani, akasema watu wanajenga karibu karibu mno. Alipompa glasi, shamba lilirudi pamoja na udongo wake na mvua yake. Daktari alikuwa amemweleza kwamba harufu huhifadhiwa mahali pa peke yake katika ubongo, na kwamba ugonjwa huo wa kusahau ungefika mahali hapo pia. Hakusema lini.

Walikuwa wameanza na vyumba viwili vya kupanga huko Kinoo. Kavindu alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mjini, Kiema fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Divai ya kwanza waliitengeneza kwa zabibu za sokoni, ndani ya mitungi ya plastiki, na haikuwa nzuri. Ya tatu ilikuwa nzuri. Kiema alichachua, Kavindu akauza, na mgawanyo huo haukubadilika hata kampuni ilipokua. Walipanda mizabibu Mwala, kwenye ardhi aliyoachiwa Kiema na baba yake, mahali ambapo watu wote walipanda ndengu, wakachekwa. Mizabibu ikashika. Baadaye wakanunua Naivasha. Siku hizi divai yao ilikuwa katika hoteli nyingi za Westlands na za katikati ya jiji, na magazeti ya biashara yalimpiga picha Kavindu peke yake, kwa kuwa Kiema hakupenda kupigwa picha.

Timau lilikuwa wazo la Kiema. Katika nchi isiyo na majira ya baridi mzabibu haulali. Ni lazima uupogoe na kuuondoa majani kwa mkono ili upumzike, la sivyo utazaa hadi uchoke. Kiema alitaka kujua zabibu zingekuwaje mahali pa juu, penye usiku wa baridi, ambapo zingekomaa polepole. Miaka kadhaa iliyopita alimwomba mkulima mmoja wa ngano, Zachariah Mbugua, ampe pembe ya shamba ya kujaribia, akapanda mistari michache. Divai iliyotoka huko ndiyo pekee ambayo Kavindu hajawahi kumsikia akiitafutia kasoro.

Sasa Mbugua alikuwa amezeeka na alitaka kuuza shamba lote. Kampuni ya maua ilikuwa tayari kununua. Kwa ajili ya urafiki wake na Kiema alimpa Kavindu nafasi ya kwanza, hadi mwisho wa mwezi.

Benki ilikubali kukopesha kwa dhamana ya Mwala. Kiema alikuwa mmiliki mwenza, kwa hiyo ilibidi atie sahihi mbele ya wakili asiye wa upande wowote, na wakili huyo athibitishe kwamba mzee ameelewa anachokifanya. Kavindu hakuwa amemwambia mtu kuhusu ugonjwa, ila binti yao Kanini, aliyefanya kazi Kigali, na Wangu, mama wa Kinoo aliyemtunza Kiema mchana. Wafanyakazi waliambiwa mzee anapumzika. Meneja wa mashamba, Lenox, alipopiga simu kuuliza kama majani yaondolewe Mwala, Kavindu alikisia jibu, kisha akasema, "Mzee amesema ngoja wiki moja." Mpaka sasa hakuwa amekosea vibaya.

Biashara ingeweza kuishi bila Timau. Kavindu alijua hivyo vizuri kuliko benki. Alichotaka ni Kiema aikanyage ile ardhi ikiwa yake, angali anajua amesimama wapi.

Benki ilimpa majina ya mawakili watatu. Alimchagua Mwau kwa sababu alikuwa mtoto wa Mwala. Alidhani mtoto wa nyumbani hangemchimba mzee kwa maswali.

Ofisi ya Mwau ilikuwa katika jengo la vioo, Westlands. Kavindu aliegesha gari katika maegesho ya chini ya ardhi, akazima injini, akatoa mkobani vichupa vitatu vya dawa ya kikohozi alivyokuwa ameviosha na kuvijaza divai.

"Mama Kanini," Wangu alisema kutoka kiti cha nyuma, "soja wa geti hapa akituona atasema tunalewesha mzee ndio auze shamba."

Kiema peke yake ndiye aliyecheka.

"Wewe Mkikuyu, waini umejulia wapi?"

"Mimi ni wa Kinoo, Mzee. Waini yenu ya kwanza niliinusa nikiwa msichana mdogo. Ilikuwa inanuka mpaka kwa kanisa yetu. Pasta akihubiri dhambi alikuwa anaangalia huko kwenu."

"Na ibada ikiisha anakuja kununua."

"Hiyo sasa mimi sijasikia."

"Uliza mke wangu. Alikuwa anamfungia kwa gazeti."

Ilikuwa kweli. Kavindu alikuwa akimfungia pasta chupa kwa gazeti la Jumapili. Alimpa Kiema kichupa cha kwanza, akamwuliza swali la kwanza. Wangu alishika kikombe cha kutemea. Majibu yalitoka yote, kwa mpangilio wake.

"Haya twende, kabla majibu hayajapoa," Wangu alisema.

Mwau alikuwa na miaka arobaini na kitu, mtu wa kunyoosha tai kabla ya kusimama. Alimsalimu Kiema kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kiti kizuri kuliko chake mwenyewe, kisha akamwomba Kavindu radhi: sheria ilitaka amwone mzee peke yake. Kavindu alilijua hilo. Alitoka, akaketi karibu na mlango wa kioo. Hakusikia kitu, lakini aliona midomo ya Kiema ikisogea na kalamu ya Mwau ikisogea baada yake. Wakati mmoja Mwau aliacha kuandika akatabasamu. Kavindu alikisia kwamba wamefika kwenye "nani ataniweza".

Mlango ulifunguliwa.

"Karibu, Mama Kanini. Mzee amenijibu vizuri sana. Kuna vijana huja hapa hawajui hata ni shamba gani wanaweka." Alimgeukia karani wake, akamtuma alete muhuri. "Muhuri ukija, mzee atatia sahihi, tutakuwa tumemaliza."

Walipokuwa wakingoja, Mwau alibadili lugha. Haukuwa mtego. Kazi ilikuwa imekwisha, na haikuwa adabu kukaa na mzee wa kwao kimya, au kuendelea kumsemesha kwa Kiswahili kama mgeni. Alimwambia kwa Kikamba kwamba baba yake alikuwa akiwasimulia jinsi kijiji kizima kilivyokwenda kuitazama ile mizabibu iliyopandwa penye ndengu.

"Baba yako ni nani?" Kiema aliuliza.

"Mwau wa kinu, pale njia panda."

Kiema alimtazama upya. Aliegemea mbele, na uso wake ukawa na kazi.

"Mwau wa kinu," alisema. "Alikuwa anatusagia mahindi na kutupunja unga. Tukilalamika anasema umepeperushwa na upepo."

Mwau alicheka mpaka akavua miwani.

"Ndiye huyo, mzee."

"Yuko?"

"Alitutoka."

"Pole. Alikuwa mtu mzuri, ukitoa mambo ya unga. Wewe unakunywa waini yetu?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Haidhuru. Baba yako alikunywa ya kuwatosha nyote."

Kavindu alicheka pamoja nao. Kwa muda mrefu hakuwa amemsikia mumewe akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Nyumbani walizungumza Kiswahili tangu Wangu aje, na mazoezi yote aliyafanya kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichotarajia wakili atumie.

"Sasa, kijana," Kiema alisema, "kwa kuwa wewe ni wa nyumbani nitakwambia ukweli. Nimejibu yote mliyoniuliza. Lakini leo sitii sahihi."

"Kwa nini, mzee?"

"Mke wangu hayupo."

Mwau alimtazama Kavindu, kisha akamtazama Kiema.

"Mke wako ni nani, mzee?"

"Kavindu. Yuko mjini, anazungusha chupa zake kwenye hoteli. Jioni atashuka Kinoo. Huyu mama wa benki sina neno naye. Ni mvumilivu, na waini anayoniletea ni nzuri. Lakini ile ni ardhi ya baba yangu. Siwezi kuiandikia karatasi mke wangu akiwa hana habari."

"Baba Kanini," Kavindu alisema.

Kiema alimgeukia, akafurahi.

"Unaona," alimwambia Mwau. "Hata jina la mtoto wangu analijua."

Karani aliingia na muhuri. Mwau alimwambia auweke mezani, amwite Wangu, na mzee apelekwe mapokezi akapate chai. Kiema aliinuka, akampa Mwau mkono, akampa Kavindu mkono.

Mlango ulifungwa. Kila asubuhi Kavindu alikuwa ameketi mbele ya mumewe akamwambia: mimi ni mtu wa benki. Daktari angesema kwamba ugonjwa ungefika hapo hata bila mazoezi, na yaelekea angekuwa amesema kweli. Lakini huyo mtu wa benki hakuletwa na ugonjwa. Aliletwa na Kavindu, akakalishwa mezani, akapewa kiti cha mke.

"Tangu lini?" Mwau aliuliza.

"Tulijua mwaka jana."

Mwau aligeuza muhuri mara mbili juu ya meza.

"Mama, mimi nimemhoji kwa Kiswahili, na alichojibu nimekiandika. Hayo mengine yalikuwa mazungumzo ya watu wa nyumbani. Hakuna atakayeniuliza tuliongea nini tukingoja muhuri." Alisema hivyo bila kumtazama. "Shida ni kwamba hatatia sahihi bila wewe, na wewe hakuoni. Siku akikuona, mlete. Hata leo. Nipo mpaka saa kumi na moja."

"Na njia nyingine?"

"Mahakama Kuu. Daktari anaapa kwamba hana uwezo tena. Wewe unaapa. Ndugu zake wanaarifiwa. Jaji akiridhika anakuteua usimamie mali yake, halafu unatia sahihi peke yako."

"Yeye anaitwa?"

"Jaji anaweza kutaka kumwona."

"Ataulizwa maswali mbele ya watu."

"Ndiyo, mama. Na haitaisha mwezi huu."

"Muhuri uuache hapo," Kavindu alisema. "Nitakupigia leo."

Mapokezi, Kiema alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kavindu aliketi kando yake na kumsemesha kwa Kikamba. Hakujaribu kumwambia yeye ni nani. Alikuwa amejaribu hilo nyumbani siku moja, kuhusu jambo dogo, na Kiema aliogopa mchana kutwa.

"Kavindu akikubali, utatia sahihi?"

"Hata sasa hivi. Yeye hafanyi kitu bila kukipima."

"Na akikataa?"

"Tunaacha. Tumewahi kuacha vitu vizuri kuliko hicho."

Alikunywa chai. Kisha alisogea karibu yake, akashusha sauti, kama mtu anayetaka kupunguziwa bei.

"Mama, nikuombe kitu kimoja. Ukikutana na mke wangu usimwambie kwamba mimi ninasahau. Bado hajui."

Kavindu alimwuliza ni nini anachosahau.

"Majina. Siku nyingine njia ya kwenda chooni, ndani ya nyumba yangu mwenyewe." Alisema kama anayesoma matokeo ya maabara. "Nimejitahidi asione. Akijua atakaa nyumbani kunichunga, na yule si mtu wa kukaa nyumbani. Atachoka na mimi, na hatasema."

"Sitamwambia," Kavindu alisema.

Wangu, ambaye hakujua Kikamba, alimtazama usoni mara moja, kisha akaanza kufungua na kufunga kifuniko cha chupa ya chai.

Garini Kiema aliomba ashushwe Kinoo. Kavindu hakubisha. Badala ya kurudi Kilimani alishika barabara ya Waiyaki Way, wakaiacha Westlands nyuma.

Mahali palipokuwa na vile vyumba viwili sasa palikuwa na jengo la ghorofa nne, lenye duka la dawa chini na kinyozi kando yake. Jengo halikumsumbua Kiema kwa sababu hakulitazama. Alishuka, akasimama ukingoni mwa barabara akiangalia upande wa steji ya matatu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama zamani. Kavindu alibaki ameshika usukani.

"Anangoja nani?" Wangu aliuliza.

"Mimi."

Wangu alifikiri.

"Sasa Mama, hapo hawezi kukujua. Uko kwa kiti ya dereva, umevaa koti ya ofisi, umekaa kama bosi. Yeye anangoja mtu wa kushuka steji. Si uende utokee huko?"

Kavindu alivua koti na miwani. Alichukua mkoba, akapita nyuma ya vibanda vya viazi na makaa, akafika steji. Alisimama hapo katikati ya watu waliokuwa wakishuka. Alijua vizuri anachokwenda kufanya. Kiema akimtambua, na yeye akamwambia watie sahihi, atatia. Mwau bado alikuwa ofisini. Hakuna sheria iliyosema mzee lazima akumbuke kesho yake.

Alianza kutembea.

Kiema alimwona kutoka mbali. Hakupunga mkono, alikuja hatua chache na kumtoa mkoba begani, akauvaa yeye.

"Leo umewahi."

"Nimemaliza mapema."

"Umeuza?"

"Zote."

"Wacha uongo."

"Zimebaki mbili."

"Hapo sawa. Hizo tutakunywa sisi."

Alimtazama usoni kwa uangalifu, akamwambia amekonda, mji unamla. Kavindu alisema ni viatu tu, vinambana. Muuza viazi mmoja aliwataka wasogee, wanaziba njia, wakasogea.

"Kuna mama wa benki alikuja," Kiema alisema. "Ana karatasi. Anataka tuweke Mwala rehani tununue kwa Mbugua. Nimemwambia ngoja kwanza nikuulize."

"Wewe unaonaje?"

"Zabibu za kule ni nzuri. Hilo nalijua." Alisita. Kavindu alimwona akitafuta kitu, akikikosa, na kuamua kupita kando yake. "Haya mambo ya karatasi, siku hizi nakuachia wewe. Wewe ndiye una macho. Ukisema tuweke, naweka leo, hata sisomi."

Hicho ndicho Kavindu alichokuwa anakitaka. Mume wake amemjua. Ametaja shamba linalowekwa na linalonunuliwa. Amekubali kwa hiari yake, kwa lugha yake, mchana kweupe. Wakili angekuwa amesimama pale kando ya viazi, hangepata kasoro.

Lakini Kiema hakuwahi maishani mwake kutia sahihi karatasi ambayo hakuisoma. Aliwahi kurudisha mkataba wa hoteli kubwa kwa sababu ya neno moja, wakati ambapo hawakuwa na kodi ya nyumba, na Kavindu alimnunia wiki nzima. Neno lenyewe lilikuwa baya kweli. Mwenye hoteli alikiri baadaye. Mtu yule ndiye ambaye ridhaa yake ilihitajika. Aliyesimama mbele yake alikuwa anaficha kwamba hawezi tena kusoma hadi mwisho wa ukurasa, na alikuwa tayari kumpa ardhi ya baba yake ili isijulikane.

"Tuiache," Kavindu alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Kiema aliitikia kwa kichwa. Mabega yake yalishuka kidogo. Kama ni kwa masikitiko au kwa kupata nafuu, Kavindu hakuweza kujua, na hakumwuliza.

"Mbugua atahuzunika."

"Atapata mtu mwingine."

"Na yule mama?"

"Nitaongea naye mimi."

"Ongea naye vizuri. Si mtu mbaya."

Kabla ya kuingia garini Kavindu alimwandikia Mwau ujumbe: wasiendelee, wala mahakamani hatakwenda, na wakili wa Mbugua aambiwe hivyo. Mwau alijibu kwa neno moja, pole. Timau ilinunuliwa na kampuni ya maua kabla mwezi haujaisha. Lenox, aliyepita huko baadaye, alisema mistari ya Kiema imeng'olewa kupisha vibanda vya plastiki vya waridi, na kwamba Mbugua aliomba radhi, alikuwa amesahau kuwaambia waibakize. Kavindu alimshukuru kwa habari, akamwambia mzee amesema si kitu.

Siku ile, Kiema alisimama kando ya gari akilitazama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya yule mama. Ametuachia mpaka jioni."

"Nilikwambia si mtu mbaya."

Aliketi mbele. Wangu alimfunga mkanda. Kwa mwendo mfupi Kiema alimweleza Kavindu, kwa Kikamba, habari za mtungi mmoja uliovuja na jinsi ya kuuziba, na Kavindu akauliza maswali aliyopaswa kuuliza. Kisha msongamano ukawasimamisha karibu na Kangemi, na Kiema akageuka kutazama malori. Magari yalipoanza kusogea tena alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, kwa adabu, "nimeonana na mke wangu. Amekataa. Usichukue vibaya."

"Sichukui vibaya," Kavindu alisema.

"Anajua anachofanya."

Kavindu alitazama kioo cha pembeni, akangoja basi moja lipite, akahamia upande wa kulia.

"Ndiyo," alisema. "Anajua."